Barua kwa mwanangu: kazi ipi ya muda uishike wakati unasubiri ajira

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi kabla sijashika kazi yoyote. Unasema umepata nafasi mbili za kufundisha kwa muda, zote zinataka jibu kabla ya wiki kwisha, na ile ajira ya kudumu uliyoiomba bado iko kimya. Ya kwanza ni kushika vipindi vya mwalimu aliyekwenda likizo ya uzazi: miezi minne, vipindi 28 kwa wiki, hisabati pamoja na kompyuta, mshahara mnono. Ya pili ni mkataba wa mwaka mzima, kemia tupu, vipindi 18, mshahara mdogo, na nafasi imetokea kwa sababu mwalimu wa somo amestaafu. Mwishoni ukaandika: "Mama, nishike ipi? Au nisishike yoyote, nijipe muda wa kutafuta ile ya kudumu?"

Naona swali hilo la mwisho ndilo linalokunyima usingizi, kwa hiyo naanza nalo. Usikae bila darasa. Sisemi hivyo kwa kuogopa maneno ya watu. Nasema kwa sababu nimewahi kukaa mwaka mzima bila kufundisha, na niliporudi nilikuta kipindi cha dakika 40 kinanishinda kukipima. Siku nyingine nilimaliza maelezo dakika ya 20, wanafunzi wakabaki wananitazama. Siku nyingine kengele ililia nami nikiwa bado kwenye mfano wa kwanza. Kwenye usaili jambo hilo huonekana upesi, hasa ukitakiwa kufundisha somo la majaribio mbele ya jopo. Na wakikuuliza, "Tueleze mwanafunzi aliyekusumbua na ulimsaidiaje," ni vizuri uwe na mtoto wa mwezi uliopita wa kumsimulia, si wa mafunzo ya vitendo miaka miwili nyuma.

Sasa kati ya hizo mbili, mimi ningeshika ya pili. Najua mshahara wa kwanza unavutia, na najua una madeni. Nipe nafasi nikueleze.

Kabla ya mshahara, tazama kiti kimeachwaje wazi. Mwalimu aliye kwenye likizo ya uzazi atarudi, na kurudi ni haki yake. Hata ukifundisha vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuingia shule ile, hakuna nafasi pale ya kukupa. Aliyestaafu harudi. Shule ile italazimika kuamua: iombe kibali na fedha ya kuajiri, au iendelee na watu wa mikataba. Hilo bado si ahadi kwako. Ila ni kiti ambacho kweli kiko wazi, nawe utakuwa umekikalia wakati wanaamua. Kwa hiyo nenda kwa mkuu wa shule ukamuulize waziwazi: nafasi hii itatangazwa? Mwalimu wa mkataba anaruhusiwa kuiomba? Je, yupo mwalimu yeyote hapa aliyeanza kwa mkataba akaajiriwa? Swali hilo la tatu ndilo la maana zaidi. Ukisikia somo lile lile limeshikwa na watu wa mkataba wanne au watano mfululizo, basi umeshajibiwa.

Nikusimulie jambo ambalo sikuwahi kukusimulia vizuri. Kabla hujazaliwa nilifundisha kwa mkataba kwenye shule moja, miaka mitatu. Ratiba ilibandikwa ukutani katika ofisi ya walimu, karatasi kubwa ya manila. Majina ya wenzangu yaliandikwa kwa wino, langu kwa penseli. Kila muhula mtaaluma, yaani mwalimu anayepanga ratiba, alilifuta na kuliandika upya, mpaka karatasi mahali pale ikachakaa, ikaota manyoya, na penseli ikawa haishiki vizuri. Mkuu wa shule alikuwa akiniambia, "Wewe ni wetu, vuta subira." Nikavuta. Kwa miaka mitatu sikutuma barua ya maombi hata moja kwingine, kwa sababu niliona kutuma ni kama kumgeuka. Nafasi ilipotangazwa akachukuliwa mtu mwingine, mwenye sifa ya kitaaluma niliyokuwa sina. Aliyeipata simlaumu hata kidogo. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba sifa ile ningeweza kuisomea jioni, kama ningeuliza mapema inatakiwa nini. Sikuuliza. Nilitosheka na neno tamu.

Ndiyo maana nakuambia: maneno mazuri ya mkuu wa shule yapokee kwa shukrani, lakini usiyaingize kwenye hesabu mpaka yaandikwe. Na siku ile ile utakayosaini mkataba, endelea kutuma maombi. Tafuta mchana mmoja katika wiki ambao huna vipindi, uufanye wa maombi, usiuguse kwa jambo jingine. Vipindi 18 vinakupa mchana huo. Vipindi 28 havikupi.

Hapo ndipo penye uzito wote wa jambo hili, nami nataka uuone kwa namba. Umeniandikia kwamba kazi ya kwanza ina madarasa manne ya hisabati, vipindi vitano kila moja, na madarasa manne ya kompyuta, vipindi viwili viwili. Darasa lina wanafunzi kama 45. Ukitoa zoezi moja la hisabati kwa madarasa yote manne unakusanya madaftari 180. Ukilipa kila daftari dakika tatu, ambazo ni chache, hizo ni dakika 540, saa tisa kamili. Zoezi moja tu. Hapo hujaandaa somo la kompyuta, ambalo hukusomea, na kila andalio lake litakugharimu mara mbili ya andalio la kemia. Utarudi jioni umechoka hata kufungua tangazo la kazi hutaki. Nimewaona walimu wazuri wakikwama hivyo, miaka inapita, kila mwaka wanasema mwakani nitatuma maombi.

Halafu somo lenyewe. Unatafuta ajira ya kemia. Mwaka mmoja wa kemia, na darasa moja la mtihani ndani yake, utakupa kitu cha kuweka mezani: azimio la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka, uliloliandika mwenyewe, mazoezi ya maabara uliyoyasimamia, mitihani uliyoitunga. Mwalimu mwenzako wa sayansi atakuwa amekuona ukifundisha, naye ndiye anayefaa kuwa mdhamini wako. Mdhamini aliyekaa nyuma ya darasa lako akaona jinsi unavyomrudisha mtoto kwenye hoja ana maneno ya kuandika. Asiyekuona ataandika kwamba unawahi kazini na una tabia njema, na barua za namna hiyo wanaoajiri wanazipata kwa mafungu.

Kuhusu fedha, usilinganishe mwezi kwa mwezi. Tuseme kazi ya kwanza inalipa 10 kwa mwezi na ya pili inalipa 7. Ya kwanza, kwa miezi minne, inakupa 40. Ya pili, kwa miezi 12, inakupa 84. Lakini hiyo 84 ni yako ikiwa tu likizo zinalipwa, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Yako mikataba inayoitwa ya mwaka kumbe inakatika kila shule inapofunga, na mwalimu halipwi mpaka shule ifunguliwe. Likizo zikiwa miezi mitatu kwa jumla, 84 inashuka hadi 63. Bado ni zaidi ya 40, lakini miezi mitatu bila kitu mkononi ni mirefu, na ni heri uijue leo.

Umesema mshahara ni mdogo kwa sababu vipindi 18 vinahesabiwa kuwa kazi isiyo kamili. Uliza basi umepunguziwa kwa uwiano gani. Tarehe 5 Oktoba 1966 mkutano ulioitishwa na UNESCO kwa kushirikiana na Shirika la Kazi Duniani ulipitisha Pendekezo kuhusu Hadhi ya Walimu, na ndiyo sababu Siku ya Walimu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo. Pendekezo linasema kwamba mwalimu anayefundisha saa pungufu kwa utaratibu wa kudumu alipwe kwa uwiano sawa na mwenzake wa saa kamili, na apate haki zinazolingana na zake katika likizo yenye malipo, likizo ya ugonjwa na likizo ya uzazi. Linasema pia kwamba uthabiti wa ajira ni muhimu kwa faida ya elimu na kwa faida ya mwalimu mwenyewe. Pendekezo si sheria ya kumpelekea mwajiri mahakamani, lakini linakuonyesha kwamba unachouliza si utovu wa shukrani. Kama wenzako wa vipindi 28 wanapata 10, wewe wa 18 ukipata 7 hujapunjwa. Ukipata 4, umepunjwa, na useme.

Tazama vilevile tarehe. Shule nyingi hutafuta walimu wa kudumu ili waanze na mwaka mpya wa masomo. Mkataba unaokwisha na mwaka unakuacha huru wakati milango inafunguliwa. Ule wa miezi minne utakuacha katikati ya mwaka, madarasa yote yana walimu, ukianza tena kutafuta kibarua cha kukufikisha mwisho. Na mwenye likizo anaweza kuomba aongezewe muda, au arudi mapema, nawe ukajikuta unasubiri uamuzi wa mtu mwingine.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, lakini litakukuta. Wanafunzi watakuuliza kama utakuwepo muhula ujao.

Mimi niliulizwa mara ya kwanza maabara, wenzake wametoka, kijana mmoja amebaki anasuuza mirija ya majaribio. Hakugeuka. Aliuliza akiwa ameinamia sinki: "Mwalimu, muhula ujao utakuwepo?" Nikamjibu, nitakuwepo. Nilisema hivyo kwa kuwa nilitamani iwe hivyo. Mkataba ule haukuongezwa. Baada ya miezi kadhaa tukakutana njiani, akaniamkia kwa adabu zote, akapita, hakuuliza kitu. Ningefurahi kama angeuliza.

Wewe waambie tarehe. "Nipo nanyi mpaka mwisho wa mwezi fulani, na mpaka siku hiyo mimi ndiye mwalimu wenu." Watoto wanalipokea vizuri kuliko tunavyodhani. Kisha fungua daftari moja la makabidhiano tangu wiki ya kwanza, uandike kila darasa limefika wapi, nani hajashika kusawazisha milinganyo, nani anajua lakini anaogopa kunyoosha mkono, kemikali gani imekwisha kwenye kabati. Usingoje wiki ya mwisho. Atakayekuja baada yako ataanzia hapo, na wale watoto hawatarudishwa mwanzo kwa sababu tu mwalimu amebadilika.

Mkuu wa shule naye mwambie ukweli kabla ya kusaini: kwamba unatafuta ajira ya kudumu na kwamba utaomba ruhusa ukiitwa kwenye usaili. Anajua. Kila mkuu wa shule anajua. Akikasirika kwa hilo, umejifunza jambo kabla halijakugharimu. Ulizia notisi ni ya muda gani kwa kila upande, na iandikwe. Ajira ya kudumu ikija katikati ya mkataba, ondoka, mwanangu, ila ondoka kwa notisi, na uwaombe waajiri wapya wakusogezee tarehe kidogo kama darasa la mtihani limebakiza majuma machache. Kuomba hakuna hasara.

Ningebadili ushauri wangu kwa sababu moja tu: shule ya pili ikikataa kuandika muda, malipo ya likizo na notisi. Hapo shika ile ya miezi minne, kwa sharti kwamba umeomba kompyuta apewe mtu mwingine. Vipindi 20 vya hisabati unavimudu.

Piga simu shule ya pili kesho asubuhi, omba wakutumie nakala ya mkataba kabla ya siku ya kusaini, kisha unitumie na mimi niisome. Shule ya kwanza usiikatalie mpaka nakala iwe mkononi mwako. Yale madeni niandikie ni mangapi na lipi linadaiwa kwanza, tuone miezi ya likizo tutaivukaje.

Mimi mama yako,
anayekupenda sana