Re: Wanajeshi wastaafu wanahitaji kiapo chao?
Mkuu, umeuliza kama wanajeshi wastaafu wanahitaji kiapo cha pamoja baada ya kuvua gwanda. Nasema ndiyo, ila kiwe na kazi ya kufanya. Kule Marekani, American Legion, chama cha wanajeshi wa zamani cha tangu 1919, kina tamko linalosomwa mikutanoni, na linaishia kwenye kusaidiana wao kwa wao. Hapo ndipo pa kushika. Wazee wetu wa vita vya Kagera tunawaona Siku ya Mashujaa, Julai 25, medali kifuani, halafu kila mtu anarudi kijijini kwake. Mzee akiugua usiku, nani anamfuata? Kiapo kianzie hapo: mwenzangu akikwama, naenda. Uzalendo walishauapia zamani. Wastaafu wa wilaya yako waanze kwa kuandikiana namba za simu.