Kata bima ukiwa mzima, usingoje daktari akukute na kitu

Mkuu, umeuliza kama bima ya afya kwa wote itapandisha matumizi ya tiba ya nchi, na kadi ipi inafaa. Mimi nimekwama pale uliposema "siumwi, nitakata bima siku nikikutwa na tatizo". Acha huo mpango. Uache leo.

Kaka yangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Hana mwajiri wa kumkata kwenye mshahara, kwa hiyo bima alikuwa akiilipa mwenyewe kwa mkupuo kila mwaka. Akatokea jamaa anayejiita mshauri wa fedha: wewe mzima, hela ya bima iweke kwenye kikundi chetu cha uwekezaji, ukiumwa utajiunga siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo! Kadi ikaisha muda, haikulipiwa tena. Kumbe presha aliyokuwa haipimi ilishaanza kula figo. Kusafisha damu ni mara tatu kwa wiki, mkuu, wiki hadi wiki, na bila kadi unalipa taslimu kabla hujapanda kitandani. Tulipokwenda kuomba bima tukaambiwa kuna kipindi cha kusubiri. Kiwanja kikauzwa, gari la kubebea saruji likafuata, dukani zikabaki rafu. Yule mshauri hata simu hakupokea. Mtu asiyejua masharti ya bima ana haki gani ya kumshauri baba wa watoto aiache? Sijamsamehe.

Matumizi ya nchi yanapanda, ndiyo. Mwenye kadi huenda kupima kitu ambacho asiye nayo angemezea panado akalala. Wamarekani walilipima hili kati ya 1974 na 1982 katika utafiti wa RAND: familia zilizotibiwa bure zilitumia huduma nyingi kuliko zilizochangia gharama. Kwa wengi afya haikutofautiana sana, lakini maskini wenye presha waliotibiwa bure, presha yao ilidhibitiwa vizuri zaidi. Sasa linganisha bei ya kupima presha na ya kusafisha damu, uniambie kama ongezeko hilo lote ni hasara.

Kinachoumiza mfuko ni watu kuingia wakishaugua. Toto Afya Kadi, bima ya mtoto mmoja mmoja hapa Tanzania, ilikuwa sh 50,400 kwa mwaka, na wazazi wengi walimkatia mtoto akiwa tayari mgonjwa. Machi 2023 NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ikasitisha usajili huo wa mtoto mmoja mmoja. Ndiyo maana sheria ya bima ya afya kwa wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba mwaka huohuo, inataka tuingie wote, wazima kwa wagonjwa: anayelazwa leo analipiwa na michango ya wasiougua.

Nenda wiki hii, umwandikishe na mkeo. Kabla hujatoa hela, waambie wakuonyeshe kwa maandishi kadi inaanza kutumika lini, na kusafisha damu kumo au hakumo.