Maswali ya wasomaji: mvumo na shoti jukwaani

SWALI: Mshauri, shikamoo. Ninafundisha shule ya msingi hapa Mbeya, na mwisho wa juma hupiga gitaa la besi harusini. Amplifaya yangu huvuma mfululizo, ila mvumo hupungua nikigusa nyuzi. Juzi, tukiwa Tukuyu, midomo yangu ilipogusa maikrofoni nilipigwa shoti. Je, nibadilishe gitaa?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Gitaa usilibadilishe, lakini nakusihi usipande tena jukwaani kabla hiyo shoti haijashughulikiwa, maana ndiyo inayonitia hofu. Kuna watu hung'oa mguu wa ethi, yaani njia ya usalama inayopeleka umeme uliovuja ardhini, kwenye plagi ili kuondoa mvumo, na kitendo hicho kinaweza kuua, kwa sababu umeme ukivuja ndani ya amplifaya hubaki kwenye nyuzi unazozishika, ukisubiri njia ya kupita mwilini mwako kuelekea kwenye maikrofoni. Mwombe fundi umeme apime ethi ya ukumbi na kuikagua amplifaya, kisha chomekeni amplifaya na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti, inayounganishwa na maikrofoni) kwenye soketi moja iliyothibitishwa.

Mvumo wenyewe ni jambo dogo. Mwili wako hunasa umeme uliotanda ukumbini, nao hutulia ukigusa nyuzi zilizounganishwa na ethi. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na sauti ya G kwenye uzi mnene hutetema mara 49, hivyo mpiga besi husumbuka zaidi. Fundi akibandika karatasi ya shaba ndani ya tundu la gitaa lenye nyaya na kuiunganisha na ethi, mvumo utapungua sana.