Kwa mzazi ambaye mtoto wake anaanza shule ya msingi Marekani

Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mtoto akishaingia getini ni wa mwalimu. Mzazi mwenye adabu haingilii kazi ya mwalimu, na ukiitwa shuleni, ujue kuna kosa. Nimekuwa mkalimani katika shule za msingi hapa Marekani kwa miaka kadhaa, na kinachowakwamisha wazazi wageni kuliko hata Kiingereza ni huo ukimya wa heshima. Huku mzazi asiyesema anaonekana hajali. Shule inangoja useme wewe: mtoto anaumwa, leo atachukuliwa na shangazi yake, namba ya simu imebadilika, hali nguruwe, anashtuka akisikia mlio mkubwa. Usiposema, hakuna atakayejua.

Ninaowafikiria ninapoandika ni akina mama na akina baba waliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma, Nakivale na Dzaleka wakafikia Louisville, Des Moines au Houston na watoto wa umri wa shule. Aliyekuja kikazi kutoka Dar es Salaam au Nairobi naye atayakuta haya haya. Kila jimbo lina sheria zake na kila wilaya ya shule ina utaratibu wake, kwa hiyo saa na tarehe kamili ziulize ofisini kwenu.

Wakati wa kuandikisha utaombwa karatasi inayoonyesha umri wa mtoto, kadi ya chanjo, na kitu kinachothibitisha mnakoishi, kama mkataba wa nyumba au bili ya umeme. Hali yenu ya uhamiaji si sharti. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto elimu ya bure ya umma kwa sababu hana kibali cha kuishi nchini. Na kama mmebanana kwa ndugu kwa kukosa pa kuishi, semeni hivyo bila aibu. Sheria ya McKinney-Vento inaitaka shule impokee mtoto mara moja hata kama karatasi hazijatimia, na kila wilaya ya shule lazima iwe na mtu anayeshughulikia familia zilizo katika hali hiyo.

Kwenye majina, nendeni taratibu. Kwetu watoto wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo, na ofisi za huku hutafuta jina la ukoo. Andika jina la mtoto kama lilivyo kwenye I-94 (hati ya kuingilia Marekani) au pasipoti, herufi kwa herufi, katika kila fomu, hata kama lilikosewa huko nyuma. Kulisahihisha ni shughuli nyingine ya baadaye. Likiandikwa kwa namna mbili, kadi ya chanjo huonekana ya mtoto mwingine, na mnaanza kuzungushwa. Chanjo ambayo watoto wetu wengi hukutwa hawana ni ya tetekuwanga, maana haimo katika chanjo za kawaida za nchi nyingi tulikotoka. Idara ya afya ya kaunti huitoa, na mtoto asiye na bima au aliye na Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) halipii chanjo yenyewe.

Kuna fomu fupi inayouliza mnazungumza lugha gani nyumbani. Andika Kiswahili, na Kibembe au Kinyarwanda kama ndiyo lugha yenu. Nimeona wazazi wakiandika Kiingereza wakidhani mtoto atatengwa na wenzake. Jibu hilo linamfungia mlango wa msaada: fomu hiyo ndiyo inayofanya apimwe Kiingereza chake na kupewa mwalimu wa lugha. Tangu hukumu ya Lau dhidi ya Nichols ya 1974, shule haiwezi kumweka mtoto darasani bila kuelewa kitu halafu iseme imempa elimu sawa na wengine. Wewe mzazi nawe una haki ya mkalimani bila malipo katika mambo muhimu ya shule. Ukipigiwa simu na huelewi, taja neno Swahili, kisha subiri. Usimtumie mtoto akufasirie maneno ya mwalimu wake. Atayapunguza makali yanayomhusu yeye, na mzigo huo si wa umri wake.

Sasa mahudhurio, ambako ndiko familia nyingi zinaumia. Mwaka wa shule una siku zipatazo 180. Mtoto akikosa asilimia 10, yaani siku 18, anaingia kwenye kundi la wanaokosa shule kupita kiasi, na hesabu hiyo inachukua hata siku alizoumwa kweli. Siku mbili kwa mwezi zinatosha kumfikisha huko. Watoto wetu hawakosi shule kwa uvivu. Binti mkubwa anabaki na mdogo wake kwa sababu mama ana kliniki. Kijana anakwenda na baba ofisini kufasiri. Kuna msiba katika mji mwingine na familia nzima imesafiri. Kwetu hizo ni sababu za maana. Huku nyingi hazikubaliki, na barua zinaanza kuja, na katika baadhi ya majimbo suala hufika hadi mahakamani. Panga miadi yako saa za jioni au uombe mkalimani wa ofisi husika, umwache mtoto aende shule. Siku asipokwenda, piga simu asubuhi hiyo hiyo. Akionwa na daktari, omba karatasi na uipeleke. Shule nyingi huhesabu homa kuanzia nyuzi 100.4 za Fahrenheit, ambazo ni 38 za Selsiasi, na mtoto harudi darasani mpaka ametimiza saa 24 bila homa, tena bila dawa ya kuishusha. Kumpa dawa alfajiri ili aende hivyo hivyo kunaishia kwa simu ya kukuita saa nne, nawe uko kazini.

Hapo kwenye simu, naomba mnisikilize. Familia mpya hubadilisha namba kila laini inapoisha au ofa nzuri inapotokea. Namba ikibadilika, ofisi ya shule iwe ya kwanza kuambiwa, hata kabla ya marafiki. Nimekaa na muuguzi wa shule tukipiga namba tatu zilizokufa huku mtoto amelala kitandani akitapika.

Kumchukua mtoto jioni ni jambo jingine lenye mshangao. Kwetu jirani ni ndugu; yeyote wa mtaa anaweza kurudi na watoto wote. Huku mtoto wa madarasa ya chini anakabidhiwa tu kwa mtu aliyeandikwa kwenye orodha yake, na ofisi itadai kitambulisho chenye picha. Kaka yako wa damu asipokuwemo, hapewi. Usimkasirikie karani, maana anamlinda mwanao, na kesho atamlinda vivyo hivyo dhidi ya asiyejulikana. Tangu mwanzo andika watu watatu au wanne unaowaamini, majina yao yakiwa kama yalivyo kwenye vitambulisho. Mpango wa siku ukibadilika, kwa mfano aliyezoea basi leo anachukuliwa kwa gari, ambia ofisi kabla ya saa waliyoweka, ambayo mara nyingi ni saa moja au zaidi kabla ya kengele ya mwisho. Maneno ya mtoto wa miaka sita kwamba mama amesema hivi hayatoshi kubadilisha mpango.

Anayepanda basi la njano awe kituoni dakika tano kabla. Dereva hangoji. Kwa mtoto wa chekechea, wilaya nyingi zinataka mtu mzima awepo kumpokea. Asipoonekana, basi linamrudisha shuleni. Nawe ukiwa na gari, ujue kwamba basi likiwasha taa nyekundu na kutoa kibao cha kusimama, unasimama hata kama unatoka upande wa pili wa barabara isiyotenganishwa katikati. Faini yake ni kubwa.

Chakula cha mchana kipo shuleni. Katika shule nyingi zilizo kwenye maeneo ya kipato cha chini watoto wote wanakula bure. Kwingine unajaza fomu ya kipato, na familia yenye SNAP, yaani msaada wa serikali wa kununua chakula, huingia moja kwa moja. Ijaze hata kama unadhani hustahili. Familia za Kiislamu na Wasabato, andikeni wazi kwamba mtoto hali nguruwe, na mwonyesheni kwenye ratiba ya mwezi siku ambazo nyama hiyo ipo. Kugawana chakula, ambako nyumbani tunakusifu, darasani kunakatazwa kwa sababu ya mzio; karanga kidogo tu zinaweza kumweka mtoto mwingine hatarini. Dawa, hata ya kichwa, haiendi kwenye begi. Inapelekwa na mtu mzima kwa muuguzi pamoja na fomu iliyosainiwa.

Nguo: mapumziko ni nje hata kwenye baridi, kwa hiyo koti, kofia na glavu kila siku ya majira ya baridi, na jina la mtoto ndani ya koti. Asubuhi ya theluji angalia simu kabla ya kutoka. Shule inaweza kufungwa au kuchelewa kufunguliwa kwa muda wa saa mbili.

Kuna jambo ambalo wakalimani wengine hulikwepa. Katika kila jimbo mwalimu analazimika kisheria kutoa taarifa akiona dalili kwamba mtoto anadhuriwa au ametelekezwa. Alama ya fimbo mkononi inatosha. Hafanyi hivyo kwa chuki, naye asipofanya anavunja sheria. Mtoto akikushinda nyumbani, nenda kwa mshauri wa shule ukaombe msaada mapema. Nimeona wakipanga pamoja na mzazi, na mtoto akabadilika.

Mjulishe mwalimu pia kile mtoto alichopitia, kwa kadiri unavyoona inafaa. Shule hufanya mazoezi ya moto, ya kimbunga, na ya kujifungia darasani taa zikiwa zimezimwa na watoto wamekaa kimya sakafuni. Mtoto aliyekimbia risasi Kivu hajui kwamba hayo ni mazoezi. Mwalimu akijua mapema, atamwandaa na kukaa karibu naye. Mwambie vilevile kwamba kwenu mtoto anayekemewa huinamisha macho kwa heshima, maana huku wanaweza kuona ni kiburi au anaficha jambo.

Kikao cha mzazi na mwalimu huwa mara moja au mbili kwa mwaka, kila familia ikipewa dakika 15 au 20. Kuitwa huko si kosa, wanaitwa wote. Omba mkalimani siku kadhaa kabla. Swali letu la kwanza huwa: amekuwa wa ngapi? Halina jibu, kwa sababu shule za msingi za huku kwa kawaida hazipangi watoto kwa nafasi. Ripoti nyingi hutumia 1 hadi 4, na hapo 4 ni ya juu. 3 maana yake mtoto amefikia kiwango cha darasa lake. Baba mmoja alitaka kumwadhibu mwanawe kwa kupata 3 kila somo, mpaka tukamweleza kwamba mtoto anafanya vizuri. Uliza badala yake: anasoma kwa kiwango cha darasa la ngapi? Ana marafiki? Nifanye nini nyumbani? Kuhusu hilo la mwisho, msomeeni na mumsimulie kwa Kiswahili bila wasiwasi. Anayeelewa hadithi kwa lugha ya mama yake ana pa kushikia anapoisikia kwa Kiingereza.

Wakisema wanataka kumfanyia tathmini ya elimu maalumu, usisaini kwa kuogopa na usikatae kwa kuogopa. Hawawezi kuanza bila saini yako. Uliza watampima nini, kwa lugha gani, na wamejuaje kwamba tatizo si ugeni wa Kiingereza tu. Maswali hayo ni haki yako na yanamsaidia mtoto.

Shule ikifungwa kiangazi, uliza ofisini ni wapi chakula cha bure cha mchana kinatolewa. Mpango wa serikali huwalisha watoto hadi umri wa miaka 18 katika maktaba, bustani na shule zilizochaguliwa, na kwenye vituo vingi unafika na mtoto tu, bila fomu. Na mkihama mtaa katika miezi hiyo, piteni shule ya zamani kuaga rasmi na kuomba rekodi za mtoto zipelekwe anakokwenda, kwa sababu Agosti foleni ya uandikishaji huwa ndefu.