Barua kwa mwanangu: katiba ya Tunisia na wanawake wake

Mwanangu,

Umeuliza ilikuwaje Tunisia chama cha Kiislamu kikashinda uchaguzi baada ya rais Ben Ali kukimbia Januari 2011, na bado katiba ikatoka na usawa wa wanawake. Wengi hujibu kwamba wanawake waliandamana. Kweli waliandamana, lakini anza na orodha za wagombea.

Sheria ya uchaguzi ya Mei 2011 ilitaka kila orodha ipange mwanamke na mwanamume kwa zamu. Isiyofanya hivyo ikataliwe. Haikusema nani aanze. Orodha nyingi zikaanza na mwanamume, na chama kidogo kikiambulia kiti kimoja jimboni, kiti ni chake huyo. Kati ya wajumbe 217 waliochaguliwa kuandika katiba, wanawake hawakufika theluthi. Ennahda, ndicho chama hicho cha Kiislamu, kwa viti vyake 89, kilizoa zaidi ya kimoja katika majimbo mengi, kwa hiyo wanawake wengi bungeni walikuwa wake. Usidhani basi kwamba wanawake walikuwa upande huu na dini upande ule. Makamu wa kwanza wa spika, Meherzia Labidi, alikuwa wa Ennahda.

Suala la sharia liliisha mapema. Machi 2012 Ennahda kilikubali ibara ya 1 ya katiba ya 1959 ibaki: inautaja Uislamu, sharia haitaji. Moto uliwaka Agosti, kwenye rasimu ya ibara ya 28: mwanamke ni mshirika wa mwanamume katika kujenga taifa, na ndani ya familia majukumu yao hukamilishana. Watetezi waliuliza ubaya uko wapi, maana kukamilishana ni kwa wote wawili. Mimi nawaunga mkono waliopinga. "Sawa" hakimu anaweza kuipima; "kukamilishana" ataipima kwa nini? Na mjane, au asiyeolewa, anamkamilisha nani? Tarehe 13 Agosti, kumbukumbu ya sheria ya familia ya 1956 iliyopiga marufuku mitala, maelfu waliingia barabarani Tunis. Rasimu iliyofuata, ya Desemba, haikuwa na maneno hayo.

Kisha hesabu. Kila ibara ilihitaji kura 109, katiba nzima 145, na bila 145 hizo hata mara ya pili, inakwenda kwa wananchi. Hakuna chama kilichokuwa nazo peke yake. Ndiyo maana ibara ya 6 ilivutana yenyewe: dola ni mlinzi wa dini, na papo hapo uhuru wa dhamiri, na marufuku kumkufurisha mtu. Ya 21 ikasema raia wa kike na wa kiume ni sawa. Ya 46 ikaitaka dola ijitahidi kuwe na idadi sawa katika mabaraza ya kuchaguliwa. Urithi haukuguswa, binti aliendelea kupata nusu ya fungu la kaka yake. Tarehe 26 Januari 2014 ikapita kwa kura 200.

Katiba ya 2022, iliyochukua nafasi ya hiyo, imeyabakiza maneno ya idadi sawa. Lakini Septemba mwaka huohuo sheria ya uchaguzi ilibadilishwa: wagombea mmoja mmoja, orodha hakuna, na zamu ikaondoka nazo.

Mama yako