Maswali na Majibu: Moto Upo, Chungu Kinavuja

Wabeja kwa maswali. Yamekuja mengi kuliko nafasi, na nusu yake ni swali moja lililobadilishwa nguo tu. Hilo naliweka mwanzo ili tumalizane nalo. Mengine nimechagua nilivyopenda.

Mwalimu, nimetumiwa video Wachina wamewasha jua la bandia na sasa umeme utakuwa bure. Mbona sisi bado tunanunua luku? (Nyegezi, na wengine kumi na moja)

Video hiyo nami nimerushiwa, mara sita. Lile duara la moto linalopanda juu huku watu wakishangilia ufukweni ni roketi. Jua la bandia, yaani mtambo wa kuunganisha viini vya atomu ili vitoe nishati kama jua lifanyavyo, halipandi popote. Limefungiwa ndani ya chumba cha chuma chenye umbo la andazi lenye tundu katikati, na huwezi kulipiga picha kwa simu ukiwa umesimama pwani.

Habari ya kweli ni hii. Januari 2025 mtambo wa EAST ulioko Hefei, China, ulishikilia plazima ya moto (gesi iliyopata joto mpaka atomu zake zikachanika) kwa sekunde 1,066. Mwezi uliofuata mtambo wa WEST wa Ufaransa ukafikisha sekunde 1,337, yaani dakika 22 na ushee. Hakuna hata balbu moja iliyowaka kwa umeme wa mitambo hiyo. Wanachojivunia ni kushikilia. Shikeni neno hilo, nitalirudia mpaka mchoke.

Mnaoniletea ile habari ya leza za Wamarekani ya Desemba 2022, ndiyo, leza ziliingiza megajuli 2.05 za nishati kwenye kipunje cha mafuta, yaani haidrojeni ya kuwasha moto huo, zikatoka 3.15. Ila kuziwasha hizo leza kulivuta kama megajuli 300 kutoka kwenye gridi. Mama lishe akinunua unga wa elfu tatu akauza vitumbua vya thelathini na moja na senti, hamtamwita tajiri.

Mtambo mkubwa kuliko yote, ITER, unaojengwa Cadarache huko Ufaransa, umepangiwa kuanza utafiti 2034, na kutumia mafuta yenyewe 2039. Mtoto anayezaliwa hospitali ya Sekou Toure leo atakuwa sekondari. Na hata huo haukuundwa kuuza umeme. Nunua luku.

Plazima hii ndiyo ile wanayochukua kwenye damu hospitalini? (Buhongwa)

Hapana. Jina moja, ukoo tofauti.

Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita. Unawezaje kupasha kitu joto mpaka nyuzi milioni 150 wakati hakuna chombo kisichoyeyuka? Na mawimbi yanaingiaje? (Ilemela)

Marahaba mwanangu. Hili ndilo swali, na wewe ndiye umeniokolea juma langu.

Chombo ni sumaku. Gesi ikipata joto la kutosha, elektroni huachana na viini, kila kipande kinabaki na chaji, na chenye chaji huzungukia mstari wa sumaku kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Kinazunguka, kinasogea mbele, lakini hakigusi ukuta. Hapo umepata chungu.

Moto sasa. Njia ya kwanza ni ya jiko la koili: pitisha mkondo wa umeme ndani ya plazima yenyewe. Inafanya kazi vizuri mwanzoni, kisha inakusaliti. Koili ya jiko ikipata moto ukinzani wake hupanda. Plazima ni kinyume, kadiri inavyopata moto ndivyo ukinzani unavyoshuka. Ukifika milioni ishirini au thelathini, mkondo unapita kama gari kwenye lami mpya na hauachi joto. Njia ya pili ni kurusha atomu zenye kasi kubwa, zilizoondolewa chaji kwanza, maana zikija na chaji sumaku itazikataa mlangoni. Zikishaingia zinagongana na wenyeji na kuwaachia kasi yao.

Njia ya tatu ndiyo uliyoiuliza. Umewahi kusukuma Hiace iliyokwama kwenye tope? Mkisukuma ovyo, kila mtu kwa wakati wake, haitoki. Lakini inaposogea mbele kidogo na kurudi, mkaitegea irudi halafu mkasema "moja, mbili, twende", kila msukumo unaongezea ule uliotangulia. Chembe inayozungukia sumaku ina mdundo wake. Elektroni huzunguka mara bilioni 28 kwa sekunde kwa kila tesla moja, kipimo cha nguvu ya sumaku; viini ni vizito, vinazunguka polepole zaidi, mara milioni kadhaa tu. Ukituma wimbi lenye mdundo uleule, chembe inalipokea. Ukikosea, wimbi linapita au linarudi kukuunguzia antena. Kule ITER mawimbi ya viini yamepangiwa megahezi 40 hadi 55, chini ya pale redio yako ya FM inapoanzia. Ya elektroni ni gigahezi 170, nayo hutoka kwenye mirija iitwayo jairotroni, kila mmoja ukitoa megawati moja. Mawimbi hayo hupitia dirisha la almasi. Almasi, umesoma vizuri. Si ya Mwadui, hukuzwa kiwandani, kwa sababu ndiyo inayopitisha mawimbi hayo na kuondoa joto bila kupasuka.

Utamu unakuja hapa. Sumaku ndani ya andazi lile haina nguvu sawa kila mahali: upande wa tundu ni kali, upande wa nje ni hafifu. Kwa hiyo mdundo wa elektroni hubadilika kutoka sehemu hadi sehemu, na wimbi la mdundo mmoja hupokelewa kwenye ukanda mmoja tu. Ukiwa na kioo cha chuma unachoweza kukizungusha, unachagua pa kuchoma. Plazima ikianza kuchanika, mistari ya sumaku ikajikunja na kufanya visiwa vinavyovujisha joto, unaelekeza wimbi hapohapo, linasukuma mkondo mdogo kwenye kisiwa, na kile kisiwa kinasinyaa. Kazi ya fundi wa pancha hiyo, ila tairi linazunguka.

Ukienda kwenye mtihani usiandike kwamba jiko la maikrowevu linafanya kazi hivyo. Lile halitegei mdundo maalumu wa maji. Linayayumbisha tu yasitulie. Walimu wenzangu wanaoendelea kufundisha hivyo wanajijua.

Hiyo plazima ikitoroka si italipua nchi nzima? (Igoma)

Hapana. Ikigusa ukuta inapoa na kuzimika. Inaweza kuharibu ukuta, na ukarabati ni wa fedha nyingi, lakini mafuta yaliyomo ndani ni kidogo sana. Oktoba 2023 mtambo wa JET wa Uingereza ulitoa megajuli 69 kwa miligramu 0.2 za mafuta. Kwa mkaa wetu hiyo ni kama kilo mbili na kidogo. Linganisha mwenyewe punje ya vumbi na kopo la mkaa, halafu kumbuka kwamba kuipasha moto ile plazima kulimeza nishati zaidi ya iliyotoka.

Mwalimu, kwa heshima, haya yanatuhusu nini sisi wa Mwaloni Kirumba? Mimi nauza dagaa. (Kirumba)

Dada yangu, yanakuhusu wewe kuliko yanavyomhusu huyo wa kidato cha sita.

Mwaka 1955 mhandisi Mwingereza, John Lawson, alikaa akapiga hesabu: ili moto huu ujitegemee unahitaji vitu vitatu pamoja. Wingi wa chembe, joto, na muda ambao joto linakaa kabla ya kuvuja. Joto wamelipata zamani. Wanachohangaika nacho miaka yote ni muda. Mwaka 1982 kule Garching, Ujerumani, Fritz Wagner na wenzake waliona kwamba ukizidisha moto kupita kiwango fulani, plazima inajijengea ua wake pembeni, na joto linakaa karibu mara mbili ya awali. Dunia nzima ya wataalamu ilishangilia ua, si moto.

Sasa njoo mwaloni. Kila mkutano wa kilimo na uvuvi ninaohudhuria mji huu unazungumzia kuongeza: ongeza mavuno, ongeza mitumbwi, ongeza taa. Wavuvi walitoka kwenye karabai wakaingia kwenye taa za sola, dagaa wanavutwa gizani kama kawaida, boti zinarudi alfajiri zimejaa. Halafu? Wanamwagwa mchangani. Masika mwaka jana nilisimama Igombe saa tisa alasiri. Wingu likatoka upande wa Ukerewe, akina mama wakakimbia na maturubai, wakawahi kama nusu. Nusu nyingine ililowa. Kesho yake wale waliolowa walikuwa wamekuwa kahawia, harufu unaijua, na mnunuzi wa chakula cha kuku alikuwa ameshasimama pembeni hana haraka. Dagaa walewale, ziwa lilelile, bei tofauti kabisa. Chanja ya miti na wavu, iliyoinuliwa kiunoni, yenye turubai juu, hupitisha hewa chini na juu na huwatenga na mchanga. Haihitaji almasi.

Kuna kijana anauza kifaa cha mawimbi cha kuua fukusi kwenye mahindi. Unachomeka ukutani. Nichukue? (Magu)

Usichukue.

Kanuni yenyewe ipo, ndiyo maana tapeli kaipenda. Mawimbi ya redio ya megahezi 27.12 yamefanyiwa utafiti mwingi kwenye nafaka: mdudu ana maji mengi kuliko punje kavu, kwa hiyo anapata moto haraka kuliko punje. Lakini nafaka hupitishwa katikati ya sahani mbili za chuma kwenye mtambo wa kiwandani wenye kilowati kadhaa. Kijisanduku cha kuchomeka ukutani kitakupa taa nyekundu na risiti.

Naongea kwa uchungu. Mwaka niliostaafu niliweka magunia kumi stoo, nikanyunyizia dawa ya unga niliyouziwa na wakala mmoja, nikalala. Mwezi wa nne nikasukuma gunia kwa goti likabonyea kama mto. Nilipolifungua, unga ulitiririka wenyewe, hakuna mashine iliyousaga. Dumuzi. Mdudu huyo aliingia nchini kupitia Tabora na tangu hapo hajaomba ruhusa kwa mtu.

Nunua mifuko isiyopitisha hewa, ile ya kinga njaa, yenye nailoni mbili ndani na gunia nje. Funga kila nailoni peke yake, kaza. Wadudu wanamaliza hewa yao wenyewe na kufa. Lakini mahindi yawe makavu kwanza, na kwa hili usiniambie umeyang'ata. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi mpaka theluthi, weka vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta, rudisha juani. Ukifungia mahindi mabichi umefuga ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016. Haiishi kwa kuchemsha. Na usimpe ng'ombe wa maziwa ukadhani umeokoa hasara. Itarudi kwenye kikombe cha mtoto.

Mbegu za pamba zinazoandikwa UK ni za Uingereza? (Misungwi)

UK ni Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo hapo kwenu. Unatoka Misungwi na unaniuliza hivyo. Panda daladala ukawasalimie.

Heliamu ya Rukwa ndiyo mafuta ya huo mtambo? (Sengerema)

Siyo. Heliamu ni majivu ya moto huo. Mafuta ni aina mbili za haidrojeni: dyuteriamu, ambayo imo hata kwenye maji ya ziwa hili, atomu moja kwenye kila 6,500 hivi, na tritiamu, adimu, ambayo nusu yake huisha kila miaka 12 na ushee na inabidi izalishwe kutoka lithiamu.

Heliamu inahitajika kwa kazi nyingine. Ikiwa kimiminika hupoza sumaku mpaka karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, ndipo zipitishe umeme bila ukinzani. Kwa hiyo soko lipo. Ila ni gesi mtoro kuliko zote, inapenya hata palipozibwa, na mwenye mitungi na mitambo ya baridi ndiye atakayekula. Pamba yetu nyingi inatoka nchini ikiwa nyuzi, tunanunua shati. Sina haja ya kuendelea.

Nimesoma akili bandia sasa inatuliza plazima. Si itumike kutabiri bei ya nyanya, hasa sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa? (Geita)

Ni kweli inatuliza. Mwaka 2022 watafiti wa DeepMind, kampuni ya akili bandia, na wa chuo cha EPFL huko Lausanne, Uswisi, waliipa programu moja iongoze koili 19 za sumaku, ikiamua mara 10,000 kwa sekunde. Mwaka 2024 timu ya Princeton, Marekani, ilionyesha programu inayotambua mchaniko milisekunde 300 kabla haujatokea, muda wa kutosha kuuepuka.

Iliweza kwa sababu kila kitu mle ndani kinapimwa, na tesla ni tesla popote. Nipeleke sokoni unionyeshe kipimo. Tenga la Busisi si tenga la Kisesa. Sado la asubuhi lina kichuguu, la jioni limebonyezwa kitako. Gunia halali ni kilo 100, lakini dalali analishonea kilemba mpaka linafanana na mama mjamzito, na tunaliita lumbesa kana kwamba ni jina la ukoo. Programu utaifundisha kwa takwimu gani?

Daraja ni jambo jema, kilomita 3 juu ya maji, na lori halilali tena likisubiri kivuko huku nyanya zikiiva kwa hasira. Lakini nyanya ya chini ya tenga inabonyezwa na za juu yake palepale darajani kama ilivyobonyezwa kivukoni. Kreti ya plastiki inakaa juu ya nyingine bila kumgusa aliye chini. Nimewaambia madereva, wanasema kreti zikienda hazirudi. Hapo wana hoja, na hakuna anayeshughulika na safari ya kurudi.

Gunia la lumbesa lina kilo ngapi hasa? (hakutaja anakotoka)

Muulize aliyelishona.