Kayaki ya kuvulia: kilo zihesabu mara mbili

Kayaki yangu ya kwanza, kimtumbwi cha plastiki cha kupiga kafi, niliinunua kwa kutazama namba moja tu, ile ya uwezo wa kubeba mzigo: kilo 150, iliyobandikwa karibu na kiti. Mimi nina kilo 86, nikaona nafasi imebaki tele. Jumamosi ya pili ya kuvua kule Nyali, Mombasa, nikalijua kosa langu.

Hebu jumlisha nami. Mwili, 86. Nguo na jaketi la kuokolea, 3. Kasha la barafu na chambo, 15. Maji ya kunywa lita 5, ambazo ni kilo 5. Nanga na kamba yake, 4. Mishipi, ndoana, chubwi, kisu na kafi, 6. Hizo ni kilo 119, na samaki hata mmoja hajapanda. Siku hiyo nilipata changu na kolekole wa kama kilo 12. Nikafika 131.

Utasema bado zimebaki 19. Kwa hesabu ya kiwandani, ndiyo. Lakini namba ile mara nyingi inakueleza mzigo ambao chombo bado kitaelea nao, haikuelezi kama utaweza kukiendesha. Kayaki nyingi za kuvulia ni za kukalia juu, na sakafu yake ina matundu yaliyopenya hadi chini ili maji yatoke. Ukizidisha mzigo, sakafu inashuka hadi usawa wa bahari, na matundu yaleyale yanaanza kuingiza maji. Asubuhi nzima nilikaa majini. Kusi lilipozidi, kila wimbi lilinipanda mapajani, napiga kafi na sisogei. Mzee mmoja mwenye ngalawa ndiye aliyenitupia kamba. Tulipofika pwani akaniuliza, "Mwanangu, ulipotoka asubuhi uliutazama ubavu wa chombo chako, umebaki kiasi gani juu ya maji?" Sikuwa nimeutazama.

Tangu siku hiyo nachukua theluthi mbili ya namba iliyoandikwa, na samaki nawahesabu humo humo. Kayaki ya kilo 150 kwangu ni ya kilo 100. Muulize muuzaji pia kama kiti na kanyagio, yaani pedali za kuiendesha kwa miguu, vimo katika hesabu au ni mzigo wako.

Basi nikakimbilia upande wa pili. Nikanunua kubwa ya kanyagio, uwezo kilo 230, yenyewe ina kilo 48. Baharini ilikuwa raha kweli, pana, nasimama na kurusha mshipi bila hofu. Taabu ilikuwa nchi kavu, na hapa ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni unapotuacha, kwa sababu umeandikwa na watu wa maziwani ambao gari hufika hadi majini. Sisi tuna bamvua. Maji hushuka zaidi ya mita tatu. Unatoka yamejaa hadi kwenye mchanga mkavu, unarudi adhuhuri yamekupwa, na kati yako na gari kuna mchanga, majani ya bahari na mawe makali. Kilo 48, pamoja na kasha la samaki, mtu mmoja aliyechoka! Kigari cha magurudumu kinasaidia mchangani, penye mawe hakipiti. Nikawa naiburuta, na plastiki ya chini nyuma ikalika hadi nikaogopa itatoboka. Mara kadhaa niliacha kwenda kuvua kwa sababu tu sikuwa na mwenzangu wa kubeba. Niliiuza.

Ninayotumia sasa ina kilo 31 na uwezo wa kilo 180, kwa hiyo mpaka wangu ni 120. Kasha nimelipunguza hadi kilo 8, maji lita 3, nanga ndogo ya kilo 2, vifaa kilo 5. Pamoja na mwili na jaketi nafika 107. Zinabaki 13 za samaki, na nikimpata nguru mzito narudi nyumbani.

Ukiwa na kilo 110, hesabu hiyo haikutoshi. Tafuta yenye uwezo wa 220 hivi, ukubali uzito wake, na uende na mwenzako. Ujue pia kwamba mbili zenye uwezo sawa hazifanani: fupi na pana hutulia, lakini penye mkondo wa mlango wa mwamba itakuchosha kuliko ndefu.

Kabla ya kulipa, omba kuijaribu mahali patulivu, kwa mfano hori ya Tudor maji yakiwa yamejaa. Chukua madumu ya lita 20, kila moja likijaa ni kama kilo 20. Yafunge vizuri, yapange hadi yafikie mzigo wako wote ukiacha mwili, pamoja na samaki unaowatarajia, kisha uketi na utazame matundu ya sakafu. Maji yakikusanyika kitini, iache. Yakikaa chini, shuka, toa madumu, uibebe mwenyewe hatua mia moja mchangani, kisha uipandishe juu ya gari. Fanya hivyo ukiwa umechoka, jioni baada ya kazi, maana ndivyo utakavyokuwa siku ya kurudi kuvua.